Kwenda Namugongo kwa miguu: Busia au Malaba, Mabira au Kayunga?

Kila ifikapo Mei, vikundi vya parokia huanza kuulizana: mwaka huu tunapitia wapi? Wanaouliza si wageni wa safari. Wengi walishakwenda, na ndiyo maana wanauliza, kwa sababu njia ya miguu ya kwenda Namugongo, penye madhabahu ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, haikai kama ulivyoiacha. Sikukuu ya mashahidi hao, Wakristo waliouawa kwa imani yao huko Buganda, ni tarehe 3 Juni, nayo huja nyuma ya mvua za Machi hadi Mei. Kalavati lililokuwa zima mwaka jana limebebwa. Kichochoro ulichokatiza kimejengewa ukuta. Barabara iliyokuwa ya vumbi imetiwa lami, na magari yamehamia huko.

Ulinganisho huu ni kwa anayetembea kutoka Kenya au Tanzania, kuanzia mpakani. Msimamo wangu niuseme mapema: usichague njia kwa kilomita peke yake. Kilomita kumi za ziada utazimaliza asubuhi moja. Trela likikugonga gizani litakumaliza wewe. Pima kwanza mambo mawili: maji yamefika wapi, na malori ni mengi kiasi gani saa utakayopita. Baada ya hapo ndipo hesabu ya siku. Kikundi chenye wazee na vijana pamoja kikitembea kilomita 30 kwa siku kinafanya vizuri, na hata hizo zinataka mtu aondoke kabla ya jua kuchomoza.

Malaba au Busia

Kutoka Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200, na kutoka Malaba ni kama 220. Wengi huishia hapo na kuchagua Busia kwa kuwa ni fupi. Sababu nzuri zaidi ya kuichagua ni malori. Malaba ndiyo mlango mkubwa wa makontena yanayopanda kutoka Mombasa, na foleni ya matrela upande wa Kenya huweza kufika kilomita kadhaa. Mwenye miguu anapenya katikati ya matrela yaliyosimama. Akishavuka, anaongozana na yale yaliyokwisha ruhusiwa, ambayo madereva wake wamesota kwenye foleni na sasa wanafidia muda. Busia nayo ina malori yake, ila kwa kawaida presha ni ndogo.

Hata hivyo, kwa wanaotoka Kitale, Eldoret, Webuye au Bungoma, kushuka hadi Busia ni kujiongezea safari bure. Wapite Malaba, lakini wapange kuvuka asubuhi na kulala Tororo siku hiyo hiyo badala ya kuendelea jioni. Tororo ni mji wenye hospitali na jimbo kuu, na si mbali na mpaka. Wanaotoka Kisumu, Siaya au Mumias hawana la kufikiria: Busia.

Kuhusu karatasi, Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania anahitaji pasi ya kusafiria au hati ya dharura, na hili huwaangusha wengi wanaodhani mambo ni sawa kwa wote wa Afrika Mashariki. Bebeni pia kadi ya homa ya manjano. Na msipite dirisha la uhamiaji kwa kupungiwa mkono tu na askari kwa sababu mmebeba msalaba na rozari. Karibu na Namugongo ukaguzi huwa mkali, na asiye na ushahidi wa kuingia nchini hukwamisha wenzake.

Kutoka Busia: barabara ya juu au ya chini

Miaka ya nyuma hapakuwa na la kuchagua hapa. Ulitoka Busia, ukapita msitu wa Busitema, ukaungana na barabara ya Malaba kabla ya Bugiri, kisha Iganga, kisha Jinja. Leo ipo ya pili, inayoteremka upande wa Ziwa Viktoria: Busia, Lumino, Namayingo, Mayuge, hadi inapoigusa tena barabara kuu pale Musita, kati ya Iganga na Jinja. Barabara hiyo ilikuwa ya vumbi. Ilipotiwa lami, katika mradi wa kilomita 104 ukihesabu na kipande cha kwenda Majanji, ikawa njia kamili ya mtu wa miguu. Kwa umbali hazipishani kiasi cha kukufanya uamue.

Barabara ya juu ina kila kitu. Kuna miji ya kutosha, maduka ya dawa, hospitali Bugiri na Iganga, parokia zilizozoea kupokea mahujaji, na chakula saa zote, maana madereva wa malori nao wanakula. Pale Naluwerere, karibu na Bugiri, utapata chai na chapati hata saa nane za usiku. Ila malori hayo hayo ndiyo ubaya wake. Kuanzia pale barabara za Malaba na Busia zinapokutana, mzigo wote wa mipaka miwili uko kwenye lami moja, na wewe uko pembeni yake. Kuna sehemu lami imemeguka ukingoni kama mkate ulioumwa: hatua moja ndani uko barabarani, hatua moja nje umeteremka shimoni. Gari likija kwa mbele nawe umebeba mkoba, unalazimika kusimama kila mara, na mwendo wako wa siku unapungua pasipo wewe kujua kwa nini.

Barabara ya chini ni tulivu. Unapita mashamba ya mihogo na mahindi, watoto wanawasindikiza, na mnaweza kuimba mkasikilizana. Mbele yake, kuelekea Mayuge, unaingia eneo la miwa. Hapo jihadhari na matrekta yanayovuta matela ya miwa, mengine bila taa hata moja ya nyuma. Mchana ni kero tu; usiku ni hatari kuliko lori, kwa sababu lori angalau unaliona. Upungufu mwingine ni huduma. Vituo vya biashara vimeachana, malazi ni machache, na kikundi cha watu themanini kikitokea bila taarifa kitalala nje. Kiswahili pia kinapungua kadiri unavyoiacha mipaka, ingawa askari na waendesha bodaboda wengi wanakielewa.

Ipo sababu nyingine ya kupita chini ambayo haimo kwenye hesabu za kilomita. Wilaya ya Mayuge ndiko kuliko na Kyando, mahali alipouawa Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana tarehe 29 Oktoba 1885, alipokuwa akielekea Buganda kutoka pwani kwa njia ya mashariki. Mfalme Mwanga wa Buganda na washauri wake waliuogopa mlango huo wa mashariki. Waliouawa pamoja naye walikuwa wapagazi wa msafara wake, watu waliotoka pwani ya Kiswahili, na majina yao hayatajwi sana mimbarini. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyetumikia katika jumba la mfalme, alimlaumu mfalme kwa mauaji hayo, akakatwa kichwa Novemba mwaka huo huo, akawa wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki. Kwa hiyo anayetembea kutoka Kenya kupitia Mayuge yuko ndani ya kisa chenyewe kabla hata hajauona mto Naili. Kyando haiko kando ya lami. Ni ya kuuliza na kuchepuka, na kikundi kikubwa kitumie nusu siku.

Uamuzi wangu: kikundi kikubwa chenye gari la kubeba mizigo na kiongozi aliyekwisha piga simu parokiani, kipite chini. Watu watatu au wanne wasio na gari, au wenye mgonjwa miongoni mwao, wapite juu, watembee alfajiri na asubuhi tu, na saa sita mchana wawe wameshafika wanakolala. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, zote mbili zinapitika, kwa sababu zote ni lami. Kinachokatika ni njia za mkato kati yake. Ukiambiwa kuna kinjia kinachookoa kilomita nane kupitia mashamba ya mpunga, shukuru, kisha ukiache.

Jinja na kuvuka Naili

Hapa si pa kukaa sana. Kuna njia ya zamani juu ya bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa 1954, na kuna daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Wapi watu wa miguu wapite, watawaelekeza askari waliopo siku hiyo, msishindane nao. Na simu zibaki mfukoni. Kupiga picha kwenye bwawa kumewahi kuwagharimu watu mchana mzima wa kujieleza.

Njeru hadi Mukono: njia tatu

Sehemu hii ndiyo yenye ubishi kuliko zote, na ni haki, kwa maana ndipo watu wamechoka, siku zimebaki chache, na kila mtu anataka kumaliza. Ukishavuka Naili uko Njeru. Mbele yako kuna njia tatu zinazofika Mukono, zote za lami.

| | Kati: Mabira na Lugazi | Kaskazini: Kayunga | Kusini: Nyenga na Kisoga |
|---|---|---|---|
| Umbali | karibu km 60 | km 94 | katikati ya hizo mbili |
| Siku kwa miguu | 2 | 3 na zaidi | 2 na nusu hivi |
| Malori | mengi mno | ya wastani | machache |
| Chakula njiani | kingi | kipo, hasa matunda | cha kutafuta |
| Kivuli | msitu | kidogo | kidogo |
| Usiku | hapana | hapana | hapana |

Ya kati ndiyo wanayoipita wengi. Inaingia msitu wa Mabira, na kwa anayetoka kwenye jua la Busoga kivuli chake ni neema. Miti imefunika pande zote, hewa ni baridi, na nyani wanakaa kando ya lami wakingoja ndizi. Pale Najjembe wachuuzi wanakimbilia magari na kuku wa mishikaki na gonja, yaani ndizi, za kuchoma. Mwenye miguu anauziwa kwa utulivu zaidi na hata bei huwa ya kueleweka. Lakini ndani ya msitu barabara ina kona, ni nyembamba, na magari yote ya kati ya Kampala na mashariki yanapita hapo. Dereva anayeyapita malori mawili kwa mpigo hategemei kukuta watu hamsini kwenye kona. Mvua ikinyesha, lami chini ya miti inabaki imelowa muda mrefu, na vumbi lililochanganyika na mafuta linakuwa utelezi.

Ukiipita hiyo, ingia msituni kumekucha na utoke kabla ya saa sita. Tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwenzake. Wa mbele na wa nyuma wavae fulana zinazong'aa, zile za bodaboda, zinauzwa kila mji. Kuimba mkiwa mmejipanga wawili wawili au watatu watatu kunapendeza kwenye picha, lakini Mabira si mahali pake.

Ya Kayunga inazunguka kaskazini. Kilomita 94 si mchezo kwa miguu iliyokwisha toka malengelenge, na ndiyo maana wengi hawaitaki. Nami nisingeipendekeza kwa anayekwenda na ratiba ya mwisho mwisho. Ina mambo mawili ya kuitetea, hata hivyo. Kwanza, ukipita Kangulumira mwezi huo utakula nanasi tamu kwa bei ya shambani, na nanasi kwa mtu aliyetembea tangu alfajiri ni dawa. Pili, ukifika Kalagi hulazimiki kwenda Mukono hata kidogo: unaweza kushika barabara ya Gayaza, kisha ukateremkia Kira na kuingia Namugongo kutoka kaskazini, mbali na umati wa barabara kuu ya Jinja. Jihadhari na jambo moja tu. Mabira ikiziba kwa ajali au kwa msongamano wa sikukuu, magari hukimbilia Kayunga, na utulivu ulioufuata unatoweka kwa saa kadhaa.

Ya kusini ndiyo ninayoipenda mimi, na ndiyo isiyojulikana sana. Unatoka Njeru kwenda Nyenga, halafu Kisoga, Kyetume, hadi Mukono. Mradi wa lami ulikuwa wa kilomita 74, ukihesabu kipande cha kuteremka Katosi ziwani, ambacho hujaji hakihitaji. Badala yake unaongeza kile cha Njeru hadi Nyenga. Kuna hospitali ya Kanisa Nyenga. Upande huo pia kuna Nkokonjeru, makao ya Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, shirika ambalo Wakenya wengi wanalijua kwa kuwa masista wake wako Kenya pia. Njia yenyewe ni ya vilima: unapanda, unateremka kwenye bonde la mafunjo, unapanda tena. Mabonde hayo ndiyo ya kuulizia. Lami imeinuliwa juu ya maji, lakini mvua kubwa ikikutana na kalavati lililoziba takataka, maji hupita juu ya barabara. Mara nyingi yanapungua kwa saa chache. Subirini. Msivuke maji yanayokwenda kasi hata kama yanaonekana kufika kwenye vifundo tu, maana ukingo wa lami hamuuoni.

Kwa hiyo: aliye na siku mbili tu, Mabira asubuhi. Aliye na siku tatu na kikundi kilichochoka kelele za malori, Nyenga. Kayunga ni ya mwenye nafasi, au ya aliyesikia kwamba Mabira imefungwa.

Kwa wanaotoka Tanzania: Mutukula

Huku chaguo ni finyu zaidi. Mutukula hadi Masaka ni kama kilomita 90 kupitia Kyotera, barabara ya lami isiyo na fujo. Masaka hadi Kampala ni kama 130, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu barabara inakatiza kinamasi cha Lwera na mto Katonga. Maji yako kulia na kushoto, hakuna kivuli, hakuna pa kuchepukia, na mabasi ya magharibi mwa Uganda yanakwenda kasi kama yanafukuzwa.

Mei 2023, wiki chache tu kabla ya sikukuu, mafuriko ya Katonga yaliharibu daraja na barabara ikafungwa. Magari yakaelekezwa kuzunguka kwa ndani: Villa Maria, Sembabule, Kanoni, Mpigi. Kwa gari ni usumbufu. Kwa miguu ni habari nyingine kabisa. Kutoka Villa Maria hadi Kanoni ni kama kilomita 110, na Kanoni hadi Mpigi ni zaidi ya 60, wakati Masaka hadi Mpigi kwa barabara kuu haifiki mia. Hapa ndipo kilomita zinapoamua, na nasema hivyo nikijua nilivyoanza. Siku tatu za ziada zitakutoa kwenye sikukuu yenyewe. Daraja likikatika, pandeni gari kwa kipande hicho, mshuke Mpigi, mwendelee kwa miguu. Mapadre wengi wanaoongoza misafara hawaoni tatizo katika hilo, ingawa kila kikundi huwa na mtu mmoja atakayeona hija imeharibika.

Daraja likiwa zima, Lwera ipiteni alfajiri, mkiwa mmelala Lukaya. Bebeni maji ya kutosha, kwa sababu hayo yote mnayoyaona pembeni si ya kunywa. Mbele mtaikuta Kayabwe yenye mstari wa Ikweta, ambapo watalii wanalipa kuona maji yakizunguka kwenye beseni. Endeleeni.

Mkifika Busega mnachagua tena: barabara ya mzunguko ya kaskazini hadi Naalya, au katikati ya mji. Ya mzunguko ni fupi kwa anayekwenda Namugongo, lakini imejengwa kwa ajili ya magari na makutano yake hayamfikirii mtembea kwa miguu. Mjini kuna msongamano, ila magari yanakwenda polepole, na mnapita Lubaga penye kanisa kuu, ambapo mahujaji wengi hupumzika. Waanglikana wana sababu ya kuchelewa hapo hapo Busega: karibu na Natete ndiko vijana watatu, wa kwanza kabisa kuuawa kwa imani, walikouawa tarehe 31 Januari 1885. Mimi ningepita mjini, Jumapili asubuhi kama tarehe zinaruhusu.

Nani wa kumuuliza njia

Ramani ya simu ni nzuri kwa kujua uko wapi, lakini ni mbaya kwa kujua kama panapitika. Ukiiwekea mwendo wa miguu, itakukatisha bonde kwa kinjia ambacho Januari ni kikavu na Mei ni kidimbwi cha mafunjo chenye magogo mawili yanayoelea. Tangazo rasmi la kufungwa kwa barabara sasa linatoka Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ya Uganda, iliyochukua kazi za UNRA, mamlaka ya zamani ya barabara kuu. Lifuateni, lakini linahusu barabara kuu na linawafikiria wenye magari.

Dereva wa gari naye si shahidi mzuri. Akikwambia barabara iko sawa ana maana gari lake lilipita. Muulize wa bodaboda. Huyo anajua kila kalavati, kwa sababu likikatika ni yeye anayeshuka kusukuma. Na usimuulize "barabara ni nzuri?" kwa maana atakujibu ndiyo kwa adabu. Muulize amepita lini mara ya mwisho, na maji yalifika wapi kwenye tairi. Akisema "leo asubuhi, hadi hapa" huku akionyesha kwa kidole kwenye rimu, umepata jibu. Akisema watu wanapita tu, tafuta mwingine.

Baada ya huyo, katekista wa kigango cha mbele. Kiongozi wa msafara awe na namba za parokia mbili zinazofuata, na apige jioni, si asubuhi mkiwa mmeshajifunga mikoba. Laini ya Uganda inunueni mpakani, mkiwa na kitambulisho. Msingoje Jinja.

Kuingia Namugongo

Kutoka mashariki kuna milango miwili. Wa kwanza ni kuchepuka Seeta, kupitia Sonde. Wa pili ni kuendelea na barabara ya Jinja hadi Kireka, kisha kupanda hadi Kyaliwajjala. Wa Seeta ni mfupi na hauna malori, na ndio ninaoushauri kwa karibu kila mtu. Ubaya wake ni kwamba mitaa inajengwa kwa kasi: njia uliyopita ukikatiza uwanja leo ina geti na mbwa. Baki kwenye barabara yenyewe, hata ikipinda. Matope mekundu ya huko hushika viatu hadi kila mguu unakuwa na uzito wake. Mwenye ndala azivue na atembee peku kipande hicho, ndivyo wenyeji wanavyofanya.

Kireka kunafaa kama mmechelewa na giza limeingia, kwa sababu kuna taa, maduka na watu. Ila kuanzia tarehe 2 Juni, Kyaliwajjala hujaa kiasi kwamba unasukumwa zaidi ya unavyotembea, na simu hutoweka mifukoni.

Kwa mlango wowote, jueni kwamba polisi hufunga barabara za karibu, kwa hiyo gari lenu la mizigo litazuiwa mbali. Kila mtu abebe mwenyewe shuka, maji, dawa zake na kitambulisho kuanzia Seeta au Kireka. Ukaguzi wa mikoba upo, na visu vya kumenyea matunda huchukuliwa. Wanaotaka maji ya ziwa la madhabahu wabebe dumu dogo la lita tano. La ishirini, gari lenu litakuwa limeshaondoka utakapomaliza kulibeba.

Na ulizeni mnakwenda madhabahu ipi. Ya Wakatoliki, yenye basilika ya nguzo 22, na ya Waanglikana kule Nakiyanja, haziko kiwanja kimoja, na umati wa kila upande hauvukiki kwa urahisi siku ya sikukuu. Kikundi chenye watu wa pande zote mbili kikubaliane mapema mahali pa kukutana baada ya ibada, mbali na geti, penye kitu kisichohamishika. Mitandao ya simu hulemewa kuanzia saa tatu asubuhi, na "tutapigiana" haitafanya kazi.